Mwongozo Kamili: Kupata Taswira Safi kwa Lenzi na Kuona Rangi ya Kitu Inatoka Wapi

Malalamiko ni yaleyale. Kwenye lenzi: "Nimeishika mbele ya karatasi, nimeona duara la mwanga tu, taswira hakuna." Kwenye rangi: "Nimemulika kitu cha kijani kwa mwanga mwekundu, sikuona tofauti ya maana." Mara nyingi lenzi ni nzima na macho ni mazima. Kilichokosekana ni umbali uliopimwa, au giza la kutosha chumbani.

Kazi hizi mbili nimeziweka pamoja kwa makusudi. Ukizoea kuufuata mwanga kutoka kwenye chanzo, kupitia kitu, hadi jichoni mwako, lenzi na rangi zinaelezeka kwa njia moja. Kila hatua hapa chini inakutaka ujiulize: mwanga umetoka wapi, umekutana na nini, na kiasi gani kimebaki cha kuendelea na safari?

## Andaa vifaa kwanza

Kusanya vyote kabla ya kuanza, kwa sababu ukishazima taa hutapenda kutafuta rula gizani.

- Lenzi mbinuko moja, yaani ile iliyo nene katikati na nyembamba pembeni. Kioo cha kukuzia maandishi kinatosha kabisa.
- Simu mbili zenye skrini ya rangi. Ukipata ya tatu, hatua ya mwisho itanoga zaidi.
- Karatasi nyeupe nyembamba isiyo na mistari, na kipande cha kadibodi cha kuishikizia.
- Rula ndefu au futi ya kupimia.
- Beseni la maji la kina kifupi na kioo kidogo cha kujitazamia.
- Kalamu za rangi nyekundu, kijani, buluu na nyeusi.
- Jani bichi moja.
- Chumba kinachoweza kutiwa giza.

Miwani ya kusomea nayo ina lenzi mbinuko, lakini angalia namba yake. Nguvu ya lenzi hupimwa kwa dayopta, na ukigawa 1 kwa namba hiyo unapata, kwa mita, umbali wa fokasi, yaani umbali kutoka kwenye lenzi hadi mahali inapokusanya miale ya kitu cha mbali. Miwani ya +2.00 ina fokasi ya sentimita 50, hivyo majaribio yake yanadai chumba kirefu. Kioo cha kukuzia chenye fokasi ya sentimita 10 hadi 20 ni rahisi zaidi kukitumia mezani.

## Onyo kabla ya lolote

Usilitazame jua kupitia lenzi, hata kwa nukta moja ya sekunde. Lenzi hukusanya mwanga na joto mahali padogo, na retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina hisia ya maumivu. Inaweza kuungua bila wewe kujua.

Usiiache lenzi dirishani pia. Jua likiipata kwa pembe inayofaa, linaweza kuwasha karatasi au pazia wakati hakuna mtu chumbani. Mtoto akifanya majaribio haya, mtu mzima awe karibu.

## Hatua ya 1: Pima umbali wa fokasi wa lenzi yako

Wanaoruka hatua hii ndio wanaokwama baadaye. Bila namba hii, kila kitu kinachofuata ni kubahatisha.

Simama ndani ya chumba, mbali na dirisha, mchana. Elekeza lenzi kwenye kitu kilicho mbali nje, kama mti au jengo lililo umbali wa mita 10 au zaidi, lakini si upande lilipo jua. Weka karatasi nyuma ya lenzi, kisha isogeze taratibu, mbele na nyuma.

Kuna mahali ambapo ukungu utakusanyika ghafla na kuwa picha ndogo, yenye rangi zake zote, iliyopinduka juu chini. Pima kutoka katikati ya lenzi hadi kwenye karatasi. Huo ndio umbali wa fokasi.

Kwa nini kitu kiwe mbali? Miale ya kitu cha mbali hufika kwenye lenzi ikiwa karibu sambamba, na miale sambamba hukutana kwenye fokasi. Kitu cha karibu hukudanganya. Lenzi ya sentimita 15 ikielekezwa kwenye kitu kilicho mita 3, karatasi itaonyesha picha kwenye sentimita 15.8.

Angalia usikosee hapa: fremu ya dirisha nayo hutoa taswira yake. Ikiwa unaona mbao za dirisha zimekaa sawasawa huku mti ukiwa na ukungu, bado hujafika. Isogeze karatasi karibu na lenzi kidogo zaidi.

Rudia mara tatu, kisha chukua wastani. Katika mifano yangu nitatumia fokasi ya sentimita 15. Wewe tumia namba yako.

## Hatua ya 2: Elewa mwanga unapinda wapi

Mwanga husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde mahali pasipo na kitu. Ndani ya maji hupungua hadi kama 225,000, na ndani ya kioo cha kawaida hadi kama 200,000. Mabadiliko haya ya mwendo ndiyo chanzo cha kupinda.

Wafikirie watu walioshikana mikono kwa mstari, wakiingia ziwani kwa upande. Wa kwanza kugusa maji anapunguza mwendo, huku wenzake walio nchi kavu bado wanatembea upesi. Mstari mzima unageuka. Wakiingia wote kwa pamoja, uso kwa uso na maji, mstari unapunguza mwendo bila kugeuka.

Ndivyo unavyofanya mwanga. Ukigonga kioo ukiwa umenyooka kabisa, unapita bila kupinda. Ukigonga kwa pembe ya nyuzi 45, utaendelea ndani ya kioo kwa takriban nyuzi 28, pembe zote zikipimwa kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya uso wa kioo.

Uso wa lenzi mbinuko umejikunja. Mwale wa katikati unakutana na uso ulio bapa na kupita moja kwa moja. Mwale wa pembeni unakutana na uso ulioinama, unapinda kuelekea katikati unapoingia, na unapinda tena upande huohuo unapotoka. Kadiri mwale ulivyo mbali na katikati, ndivyo unavyopindishwa zaidi. Matokeo yake ni kwamba miale yote iliyotoka nukta moja hukutana tena kwenye nukta moja upande wa pili.

Jambo la kushika hapa ni kwamba kazi yote hufanyika kwenye nyuso mbili za lenzi, na kinachohesabika ni tofauti kati ya kioo na kilichokizunguka. Tumbukiza lenzi ya kioo kwenye maji na umbali wake wa fokasi utarefuka karibu mara 4, kwa sababu mwendo wa mwanga katika maji na katika kioo haupishani sana.

## Hatua ya 3: Pata taswira ya herufi kwenye karatasi

Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa hiyo twende taratibu.

Fungua simu na uweke picha ya herufi F kubwa, nyeupe juu ya weusi, mwangaza ukiwa wa juu kabisa. Nachagua F kwa sababu ukiipindua au ukiigeuza kushoto kulia, inaonekana mara moja. Herufi kama O au H itakuficha yaliyotokea.

Isimamishe simu upande mmoja wa meza. Simamisha karatasi upande wa pili, umbali usiopungua mara 4 ya fokasi. Kwa fokasi ya sentimita 15 hiyo ni sentimita 60. Anza na sentimita 75 ili uwe na nafasi.

Kanuni hii ya mara 4 ndiyo dawa ya lile duara la mwanga. Umbali wa kitu hadi kwenye lenzi, ukijumlishwa na umbali wa lenzi hadi kwenye taswira, hauwezi kushuka chini ya mara 4 ya fokasi. Ukiweka simu na karatasi sentimita 40 kutoka kila kimoja, unaweza kusogeza lenzi hadi asubuhi na hutapata kitu. Fizikia yenyewe inakukatalia.

Sasa zima taa, funga mapazia, na usogeze lenzi peke yake. Simu na karatasi visiguswe. Ukisogeza vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kilileta mabadiliko.

Utakuta sehemu mbili zenye taswira iliyo wazi:

1. Lenzi ikiwa karibu sentimita 21 kutoka kwenye simu, F ni kubwa, kama mara 2.6 ya ile ya kwenye simu.
2. Lenzi ikiwa karibu sentimita 54 kutoka kwenye simu, F ni ndogo lakini inang'aa sana.

Ile kubwa itakuwa hafifu. Mwanga wake umetandazwa kwenye eneo kama mara 7 ya herufi yenyewe, na ndiyo maana giza la chumba si anasa. Taa moja iliyowaka inaifunika taswira hii kabisa, halafu mtu anadhani haipo.

Mafanikio yanaonekanaje? Kingo za herufi zinasomeka, na ukisogeza lenzi sentimita moja tu, zinaharibika. Ikiwa kusogeza hakubadilishi kitu, unachokiona ni mwanga uliotawanyika, bado si taswira.

Tazama pia kutoka nyuma ya karatasi, huku uso wako ukielekea kwenye lenzi. F imezungushwa nusu duara kamili, na ukiinamisha kichwa hadi juu iwe chini, unaisoma kama kawaida. Ukitazama kutoka upande wa mbele, utaiona imepinduka juu chini huku mikono yake ikibaki upande uleule. Wote mnaobishana kuhusu kushoto na kulia mko sahihi. Mmesimama pande tofauti za karatasi.

### Namba za kujipimia

Kanuni ni hii: 1 gawanya kwa fokasi ni sawa na 1 gawanya kwa umbali wa kitu, jumlisha 1 gawanya kwa umbali wa taswira. Kwa fokasi ya sentimita 15:

- Kitu sentimita 60, taswira sentimita 20, ukubwa ni theluthi moja.
- Kitu sentimita 30, taswira sentimita 30, ukubwa ni uleule.
- Kitu sentimita 20, taswira sentimita 60, ukubwa mara 3.
- Kitu sentimita 15, miale inatoka sambamba na haikutani popote.

Ikiwa vipimo vyako vinapishana na hesabu kwa sentimita moja hivi, umefanya vizuri. Vikipishana kwa sentimita 5, rudi kwenye hatua ya 1.

## Hatua ya 4: Ingia ndani ya fokasi, kisha ziba nusu

Sogeza lenzi hadi iwe sentimita 10 kutoka kwenye simu. Karatasi haitapokea taswira yoyote. Iondoe, kisha tazama kupitia lenzi kwa jicho lako. F imesimama wima na ni kubwa mara 3.

Miale inatoka kwenye lenzi ikiwa bado inatawanyika, na jicho linaifuata kinyumenyume hadi mahali ambapo ingeonekana kuanzia. Hapo hakuna mwanga wowote uliokutana, ndiyo maana karatasi haikamati kitu. Hii ndiyo taswira isiyo halisi, na ndiyo unayoitumia kila unapokuza maandishi madogo.

Rudi sasa kwenye taswira ya hatua ya 3 na uzibe nusu ya lenzi kwa kadibodi. Wengi hutabiri kwamba nusu ya F itapotea. Haipotei. Herufi inabaki nzima, ila imefifia, kwa sababu kila nukta ya simu hutuma miale kwenye lenzi nzima. Ukiziba nusu, kila nukta inapoteza nusu ya miale yake, lakini hakuna nukta inayokosa mwakilishi. Jaribio hili ni la sekunde chache, na kwangu mimi ndilo kipimo bora cha kujua kama mtu ameielewa lenzi.

## Hatua ya 5: Itafute rangi pembezoni mwa taswira

Tazama kwa makini ukingo wa ile F kubwa na nyeupe. Kwenye lenzi za kawaida utaona utepe mwembamba wa rangi, mwekundu au wa buluu, unaobadilika ukisogeza lenzi kidogo. Watu huifuta lenzi wakidhani ni uchafu.

Ule weupe ulikuwa na rangi nyingi tangu mwanzo. Kioo hakizipunguzii mwendo kwa kiasi kimoja: zambarau hupunguzwa zaidi kidogo kuliko nyekundu, kwa hiyo hupinda zaidi na kukutana mapema. Kwa lenzi ya sentimita 15, pengo kati ya fokasi ya nyekundu na ya zambarau linaweza kufikia karibu nusu sentimita. Kamera nzuri hutumia lenzi kadhaa za aina tofauti za kioo ili kuziba pengo hilo.

## Hatua ya 6: Utawanye mwanga mweupe kwa maji

Mimina maji kwenye beseni. Laza kioo cha kujitazamia ndani yake kikiegemea ukingo kwa mwinamo wa nusu, sehemu kubwa ikiwa chini ya maji. Acha jua lipige sehemu iliyozama. Shika karatasi nyeupe upande mwanga unakorudi na uizungushe polepole.

Onyo: usiinamie beseni kutazama kioo. Jua linaloakisiwa nalo huunguza jicho. Tazama karatasi pekee.

Subiri maji yatulie, kwa sababu mawimbi huzichanganya rangi zikarudi kuwa nyeupe. Ukiona doa jeupe linalong'aa, hilo linatoka kwenye sehemu ya kioo iliyo juu ya maji. Lipuuze na utafute utepe ulio karibu nalo.

Umefaulu ukiona nyekundu upande mmoja na zambarau upande wa pili, katikati zikifuatana rangi ya chungwa, njano, kijani na buluu. Isogeze karatasi mbali na rangi zitapanuka.

Diski ya muziki inayometameta nayo hutoa rangi nzuri, lakini usiitumie kwa hatua hii. Rangi zake zinatokana na mistari myembamba iliyochongwa juu yake, na si kupinda kwa mwanga.

## Hatua ya 7: Mulika kwa rangi moja tu

Andika kwenye karatasi nyeupe maneno manne: moja kwa kalamu nyekundu, moja kijani, moja buluu, moja nyeusi. Weka lile jani bichi kando yake.

Fungua picha ya rangi nyekundu tupu ijaze skrini ya simu, mwangaza juu kabisa. Zima taa zote. Ziba hata mwanga wa chini ya mlango.

Karatasi itakuwa nyekundu. Neno jekundu litakaribia kutoweka. Maneno ya buluu na kijani yatakuwa meusi, na jani litakuwa jeusi.

Ufuate mwanga tena. Karatasi nyeupe hurudisha karibu kila rangi inayoifikia, na hapa imefikiwa na nyekundu tu. Wino mwekundu nao hurudisha nyekundu, kwa hiyo jicho halioni tofauti kati yake na karatasi. Jani hutumia chembe za kijani ambazo hufyonza nyekundu na buluu na kuachia kijani. Lisipopewa kijani, halina cha kurudisha.

Rangi ya kitu, basi, ni ile sehemu ya mwanga uliokifikia ambayo hakikuifyonza. Iliyofyonzwa kwa kawaida hugeuka kuwa joto, na ndiyo maana nguo nyeusi huchoma juani kuliko nyeupe.

Ukiona tofauti ni ndogo, sababu huwa mojawapo ya hizi:

- Mwanga wa nje unapenya. Hata kidogo kinatosha kulirudishia jani ukijani wake.
- Umetumia tochi na plastiki nyekundu nyembamba. Plastiki hupitisha na rangi nyingine. Ikunje mara mbili au urudi kwenye simu.
- Wino wako wa kijani hurudisha nyekundu kidogo. Inatokea. Jaribu kalamu nyingine.
- Umekaa kwenye mwanga huo muda mrefu na ubongo umeanza kuuzoea. Washa taa dakika moja, kisha anza upya.

Rudia kwa skrini ya kijani na ya buluu, lakini kabla ya kila jaribio andika utabiri wako. Asiyetabiri huona anachotaka kuona.

## Hatua ya 8: Tone la maji juu ya skrini

Weka picha nyeupe kwenye simu. Chovya ncha ya kijiti kwenye maji na udondoshe tone dogo la milimita 2 au 3 katikati ya skrini, mbali na tundu la chaji. Tone hilo ni lenzi mbinuko yenye fokasi fupi sana.

Ndani yake utaona vinukta vyekundu, kijani na buluu. Nyeupe haipo popote. Badilisha picha iwe njano na uangalie tena: vya buluu vimezimika, vyekundu na kijani vinawaka. Jicho lina aina tatu za seli za kutambua rangi, na nyekundu ikichanganyika na kijani kwa kipimo kinachofaa, huziamsha kama ambavyo mwanga wa njano halisi ungefanya. Futa tone kwa kitambaa laini ukimaliza.

## Hatua ya 9: Vivuli vya rangi

Simamisha simu mbili kando kwa kando, moja nyekundu na moja kijani, zikimulika karatasi moja gizani. Karatasi itakuwa na unjano. Ukiona imeelemea upande mmoja, punguza mwangaza wa simu inayozidi.

Simamisha kalamu karibu sana na karatasi, sentimita 2 au 3. Mwanga wa skrini ni mpana, hivyo kalamu ikiwa mbali kivuli hupotea. Utapata vivuli viwili. Pale ambapo kalamu imeuzuia mwanga mwekundu, kivuli ni cha kijani. Palipozuiwa kijani, kivuli ni chekundu.

Ongeza simu ya tatu yenye buluu. Karatasi itakaribia weupe na vivuli vitakuwa vitatu: samawati palipokosa nyekundu, njano palipokosa buluu, na waridi iliyokolea palipokosa kijani. Sasa washa taa, chukua ukurasa wowote wenye picha ya rangi iliyochapwa kwa mashine, na uutazame kwa lenzi ile uliyoipima kwenye hatua ya 1. Kwenye picha nyingi utakuta vinukta vya rangi hizohizo tatu, pamoja na nyeusi: kila wino unafyonza rangi moja ya mwanga na kuziachia mbili zilizobaki zifike jichoni mwako.